Kebo Mbovu Tangu Lini Ikaongeza?

Suali hilo niliulizwa Pemba, ndani ya chumba cha mitambo ya kituo cha redio, chenye joto la tanuri ya mkate, na aliyeniuliza hakungoja jibu. Alitoka zake nje kuwafukuza kuku waliopanda juu ya majamvi ya karafuu.

Mimi nilibaki nimeinama mbele ya mtambo, mita ya nguvu mkononi, nina majibu mawili ya kitu kimoja. Kwa kebo yangu ya sentimita 30, bodi iliyomo ndani ya mtambo ilitoa 9.2 dBm, yaani nguvu iliyopimwa kwa desibeli. Kwa kebo yake ya sentimita 80, bodi ile ile, dakika ile ile, ilitoa 10.8.

Anayezijua kebo anajua hapo pana jambo. Kebo inakula nguvu. Hizi nyembamba za RG-58, kwenye masafa ya FM, zinakula kama desibeli 0.16 kwa kila mita moja. Ndefu inakula zaidi kuliko fupi, na hilo halina mjadala. Ikiwa ndefu ndiyo iliyosoma juu, basi ama kebo inazalisha umeme, ama mita inasema uongo, ama fundi hajui anachokipima.

Nilichagua la nne. Nilisema kebo yake mbovu.

Na yeye, akiwa ameshafika mlangoni, ndipo aliponiuliza.

Rangi ya kucha

Kituo sikitaji. Ni kidogo, cha FM, na mwenye kuitunza mitambo yake ni mzee aliyekaa na redio umri wake wote. Namwita Ami ingawa hatuna udugu. Nilipelekwa kutoka Unguja kwa sababu wasikilizaji wa upande mmoja walilalamika kwamba sauti inakwaruza, na mtu fulani akaamua kuwa mtambo umechoka. Haukuchoka. Konekta ya antena ilikuwa imeliwa na chumvi. Nusu saa, kazi imekwisha, na chai ikaletwa.

Ningeondoka hapo, msingesoma haya.

Lakini begini nilikuwa na mita ya nguvu niliyoiunda mwenyewe, na mtu aliyeunda mita haachi kutafuta cha kupima. Ndani ya mtambo ule kuna bodi ndogo inayosukuma amplifaya. Karatasi yake inasema 10 dBm, yaani miliwati 10, kwenye omu 50 (omu ni kipimo cha ukinzani, na kebo zetu hizi ni za omu 50). Mita yangu ikasema 9.2, ambayo ni miliwati 8.3. Nikamwambia Ami bodi imeshuka. Akasema haijashuka. Akainua mkono, akachukua kebo yake kwenye msumari ukutani, akaifunga mwenyewe kwa vidole vya mtu asiye na haraka, akaniambia nisome tena.

10.8. Miliwati 12.

Mnalijua lililofuata. Kebo mbovu, kuku, karafuu.

Juu ya skrubu ya kurekebishia ya bodi ile palikuwa na tone la rangi ya kucha, nyekundu, limekauka likang'ara. Mafundi wa zamani ndivyo walivyokuwa wakitia muhuri: skrubu ikishakaa panapotakiwa, wanapaka tone, nusu juu ya skrubu nusu juu ya gamba lake, ili atakayegusa ajulikane. Nililipasua kwa bisibisi. Nikazungusha, kwa kebo yangu fupi, mpaka mita ikasoma 10.0 barabara.

Ami alikuwa amerudi, amesimama nyuma yangu. Hakusema neno. Kebo yake nikaikunja nikaitia begini.

"Hii nakwenda kuitupa, Ami. Nitakuletea mpya."

"Haya," alisema.

Kuna haya ya kukubali, na kuna haya ya kumwacha mtu na mambo yake. Siku ile sikuzitafautisha.

Simu ya adhuhuri

Siku ya nne alinipigia. Mtambo unajizima. Asubuhi mzima, usiku mzima, ikishapita adhuhuri tu amplifaya inajikinga, kituo kimya, mpaka ipoe.

Nikasema joto. Akasema joto la Pemba halikuanza juzi. Nikasema feni, akaisafisha. Nikasema umeme unaingia mdogo, akapima volti akanitumia picha. Kila jibu nililompa lilikuwa jibu la mtu ambaye hataki kutazama mahali pamoja.

Maana hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Ikiwa kebo yangu ndiyo iliyosema kweli, basi niliiacha amplifaya ikisukumwa kwa miliwati 10, kama karatasi inavyotaka, na haina sababu ya kulalamika. Ikiwa aliyesema kweli ni yeye, basi nimeiongezea mzigo juu ya mzigo.

Najua kuna atakayesema: desibeli 0.8, nani anajali? Msikilizaji wa Micheweni hawezi kuisikia. Kweli hawezi. Lakini 0.8 ni asilimia 20, na amplifaya ile ni ya kizamani, haina kitu cha kujipunguza yenyewe kikiingia kikubwa. Ilikuwa inaishi ukingoni na mtu mmoja alikuwa anaujua ukingo huo ulipo.

Lililonikera zaidi halikuwa simu. Lilikuwa suali. Nikiwa kwenye daladala, linakuja. Nikiwa kwenye foleni ya urojo, linakuja. Kebo mbovu huwa inapoteza, inakwaruza, inakatakata. Tangu lini ikaongeza?

Usiku mmoja niliitoa begini. Nilikuwa bado sijaitupa. Nikaifunga kwenye NanoVNA, kile kifaa kidogo cha kupimia kebo na antena, na kuitazama kutoka MHz 80 mpaka 110. Hasara desibeli 0.13, mstari umelala kama bahari ya asubuhi. Yangu ya sentimita 30 ilikuwa na konekta moja inayocheza.

Kebo yake ilikuwa nzima kuliko yangu.

Ubavu wa jahazi

Naishi Tunguu. Wasiojua: mahala hapa, kabla ya chuo kikuu, palikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury, na John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwa moja ya vituo vilivyomsikiliza akipita. Kikafungwa 1964 baada ya Mapinduzi. Huwa najidanganya kwamba ardhi hii imezoea vipimo na itanisaidia. Wiki tatu haikunisaidia kitu.

Kosa langu lilikuwa hili: kila nilipofikiria wimbi linalorudi, nilikomea njiani.

Sote tunafundishwa nusu ya kwanza. Wimbi linatoka kwenye chanzo, linakwenda kwenye mzigo, yaani kile kinachopokea, na mzigo usipolingana omu na kebo sehemu inarudi. Tunapima SWR, yaani kiasi cha kutolingana huko, tunalaumu antena, tunakwenda kula. Hakuna anayeuliza lile lililorudi limekwenda wapi. Kama kwamba likishageuka nyuma linakuwa halitupasi.

Linarudi kwenye chanzo. Na chanzo nacho kisipolingana na kebo, kinaligeuza sehemu yake tena kuelekea kwenye mzigo.

Nenda gati ya Malindi jahazi limefungwa. Tazama ule mwanya wa maji baina ya ubavu wa jahazi na ukuta wa gati. Wimbi linagonga ukuta, linarudi, linagonga ubavu, linarudi tena ukutani, na likifika hapo mara ya pili linakutana na wimbi jipya. Zikikutana zote mbili zinapanda, maji yanaruka mpaka yanakulowesha kanzu. Zikikutana moja inapanda na nyengine inashuka, maji yanatulia kama yaliyotiwa mafuta. Sogeza jahazi kidogo tu, upana wa mwanya ubadilike, na palipokuwa na fujo patatulia. Bahari ya nje haikubadilika hata kidogo.

Ningependa kuandika kwamba nilifahamu nikiwa pale gatini, upepo unavuma, nikapiga paji la uso. Sivyo. Pale nilikuwa nasinzia nikisubiri mzigo. Nilifahamu mezani, kwa kalamu, na jahazi nikalikumbuka baadae.

Kituo kile kiko karibu na MHz 95. Ndani ya RG-58 wimbi linakwenda kwa asilimia 66 ya mwendo wa mwanga, kwa hiyo urefu wake ni kama mita 2.1. Tafauti ya kebo zetu, sentimita 50, ni karibu robo ya wimbi. Kwenda na kurudi ni nusu wimbi. Nusu wimbi ndiyo tafauti baina ya mawili yanayobebana na mawili yanayouana.

Kebo yake haikuongeza. Yangu haikupunguza. Kila moja ilisogeza jahazi mahala pengine.

Omu themanini

Lakini ili mwanya uchafuke, lazima kuta zote mbili ziwe zinarudisha. Ukuta mmoja ukimeza wimbi, hakuna fujo, weka jahazi popote. Kwa hiyo mita yangu nayo ilikuwa inarudisha, na hilo liliniuma, kwa sababu ni mtoto wangu.

Chipu ya AD8307, ndiyo inayopima ndani ya mita yangu, kwa asili haina omu 50 mlangoni. Ina omu 1,100. Ndiyo maana wanaounda mita hizi wanaweka rezista ya omu 52.3 sambamba nayo, na viwili kwa pamoja vinatoa 50. Nilichukua maltimita nikagusisha mlangoni, nikitarajia 52 na ushei.

80.

Nikabadilisha betri ya maltimita.

80.

Ndipo nikakumbuka. Mwaka jana nilichomeka redio ya mkono ya wati 5 moja kwa moja kwenye mlango ule, nikabonyeza, kikanuka. Chipu ikafa. Nikaibadilisha. Rezista nikaitazama kwa jicho, nikaiona haina doa, nikaiacha. Joto lilikuwa limeshaipandisha. Omu 80 sambamba na 1,100 ni karibu 75, na 75 mbele ya 50 ni SWR ya 1.5. Kwa lugha ya gama, yaani sehemu ya wimbi inayorudi, ni 0.2.

Sasa mtaniuliza, kwani baada ya kubadilisha chipu hukuikalibreti? Niliikalibreti, wallahi. Nilikwenda kwa rafiki mwenye jenereta nzuri ya mawimbi ya kupimia, nikalinganisha nukta kwa nukta, mita ikakubaliana nayo kila mahali.

Na hapo ndipo nilipokaa usiku mzima. Mita mbovu ilipita mtihani vipi?

Ilipita kwa sababu jenereta ile, ikitazamwa kutoka nje, ina omu 50 za kweli. Kilichorudishwa na mita yangu kilifika kwa jenereta kikamezwa. Hakikugeuzwa mara ya pili. Kasoro ya rezista ikawa kiwango kimoja kisichobadilika, na kalibresheni ikakifuta. Mita yangu ilikuwa sahihi mbele ya jenereta ile na itakuwa sahihi mbele ya yoyote inayofanana nayo. Mbele ya bodi ya Pemba ilikuwa mita nyengine.

Nilikuwa nimeshawasha chuma cha kuchomelea nibadilishe rezista. Nikakizima. Nilitaka kwanza nijue kama ninaweza kusema kweli kwa mita ile ile yenye kilema, madhali kilema chake nimekijua. Sehemu ya hilo ni elimu, na sehemu, nakiri, ni ubishi.

Bodi iliyolala

Karatasi ya bodi imeandika: 10 dBm kwenye omu 50. Miaka yote nimeisoma sentensi hiyo kama kwamba bodi ina omu 50. Haisemi hivyo. Inasema bodi inataka kutazama omu 50. Yenyewe ikitazamwa ina nini, karatasi imenyamaza, na mimi nilijaza kimya hicho kwa matumaini.

Begini nilikuwa na bodi ya akiba ya kituo kile, pacha wake. Nikaifunga kwenye NanoVNA, imezimwa, nikapata gama ya 0.8. Nikafurahi. Kuta mbili, nimezipata zote. Nikazidisha: 0.8 kwa 0.2 ni 0.16. Ukitia 0.16 kwenye hesabu, baina ya kebo inayobeba zaidi na inayoua zaidi patakuwa na tafauti ya desibeli 2.8.

Mimi niliona 1.6 tu.

Siku mbili nilikaa nikiamini nadharia yangu ni ndoto. Nilirudi tena kwenye "kebo mbovu", nilirudi kwenye "joto". Rafiki wa jenereta ndiye aliyenitoa, na hakusema mengi. Aliuliza, "Ulipoipima, ilikuwa inafanya kazi?"

Transista isiyo na umeme ni kipande cha udongo chenye miguu mitatu. Ikiwashwa, ikawa inabeba mkondo wake, inakuwa kitu chengine kabisa, na mlango wake unakuwa na omu nyengine. Kupima gama ya chanzo kilichozimwa ni kama kumsikiliza mtu aliyelala ili ujue sauti yake ya kuimba.

Basi washa halafu upime? Huwezi hivi hivi. NanoVNA inanong'ona kisha inasikiliza mwangwi wa mnong'ono wake. Bodi inapiga kelele kwenye masafa yale yale. Hutasikia chochote, na ukikosa bahati utauchoma mlango wake.

Hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote katika safari hii, kwa hiyo nivumilieni. Kama huwezi kumpigia kelele chanzo, mwache apige yeye, na wewe ubadilishe ukuta. Kila ukibadilisha ukuta kwa kiasi unachokijua, jibu la mita linabadilika, na namna linavyobadilika ndiyo inayokwambia chanzo kikoje. Yasiyojulikana ni matatu: nguvu halisi, ukubwa wa gama ya chanzo, na uelekeo wake, maana gama ni kama upepo, haitoshi kujua unavuma kiasi gani bila kujua unatoka wapi. Yasiyojulikana matatu yanataka majibu matatu.

Kebo tatu, basi. Kila moja imezidi nyenziwe kwa sentimita 35, ambazo kwenye MHz 95 ni sehemu moja ya sita ya wimbi. Kwenda na kurudi ni thuluthi. Sentimita 30, 65, 100. Jahazi linasogezwa mahala patatu palipogawana duara sawasawa.

Hesabu yake ni nyepesi kuliko inavyotisha. Mita iliyokalibretiwa inasoma nguvu halisi ikigawanywa kwa mraba wa kitu kimoja: 1 toa zao la gama mbili, ya chanzo na ya mita. Zao likiwa 0.1 na uelekeo wake unaua, hicho kitu ni 1.1, mraba wake 1.21, na mita itasoma pungufu. Uelekeo ukigeuka, ni 0.9, mraba 0.81, na mita itasoma ziada. Kurekebisha ni kuzidisha kwa kile kilichogawanya.

Pembea za Mnazi Mmoja

Jambo moja kabla sijapanda boti tena, kwa sababu liliniharibia usingizi.

Watu wengi hawaendi mpaka kwenye kebo tatu. Wanajua ukubwa wa gama mbili, hawajui uelekeo, wanaandika mpaka wa juu na mpaka wa chini na kulala. Kwangu: ile tafauti ya 1.6 inatoa zao karibu 0.1, yaani gama 0.5 ya bodi kwa 0.2 ya mita, na mita inaweza kuzidi kwa desibeli 0.92 au kupungua kwa desibeli 0.83. Nami nilijituliza: hiyo ni mipaka tu, kwa kawaida utakuwa katikati.

Hutakuwa katikati.

Wakumbuke watoto kwenye pembea, Mnazi Mmoja, sikukuu. Mtoto anapita katikati kwa kasi kubwa kuliko pote. Mwisho wa mbele na mwisho wa nyuma ndiko anakopunguza mwendo, anasimama kitambo, anageuka. Piga picha bila kutazama, mara mia. Picha nyingi zitamkuta karibu na ncha, chache zitamkuta katikati. Kosa hili ni mtoto wa pembea. Kama huujui uelekeo, dhani uko karibu na ncha. Ndiyo maana wanaohesabu mashaka ya vipimo wanaugawa mpaka huu kwa kipeuo cha pili cha 2, wakati makosa mengi mengine wanayagawa kwa kikubwa zaidi.

Mimi siku ile ya kwanza nilikuwa nchani kabisa, nikajiona niko katikati ya ukweli kwa sababu kebo yangu ilikuwa fupi.

Kurudi

Boti mpaka Mkoani, gari mpaka kituoni. Karafuu zilikuwa zimeshaanuliwa. Nilimwamkia, akaitikia, hakuuliza nimeleta nini.

Kitu cha kwanza nilirudisha skrubu. Nusu ya tone la rangi ilikuwa bado imeshika kwenye gamba na nusu kwenye kichwa cha skrubu, nikazilinganisha mpaka mstari ukakutana. Kisha nikapima kwa kebo tatu, kwa mita ile ile ya omu 80.

Fupi: 9.2. Ya kati: 10.4. Ndefu: 10.3, na nikiirudishia desibeli 0.1 ambayo kebo hiyo inakula zaidi ya fupi, 10.4.

Msichukue wastani wa miliwati. Gawa 1 kwa kila jibu, kisha chukua wastani wa hayo, kisha geuza tena. Kwa njia hiyo kupanda na kushuka kunafutana kwa sababu kebo zimeligawa duara sawasawa. Miliwati 8.3, 11 na 11: vinyume vyake ni 0.120, 0.091, 0.091. Wastani 0.101. Ukigeuza unapata 9.9, ukiongeza asilimia moja inayobaki kutokana na zao la gama likijizidisha lenyewe, unapata 10.

Miliwati 10. Bodi ilikuwa haijashuka, kama nilivyoambiwa.

Nikajaribu la pili kwa ajili ya moyo wangu. Nilitia kipunguzi cha desibeli 10 moja kwa moja kwenye mlango wa bodi, kisha kebo, kisha mita. (Mafundi wanakiita pedi, ukikitaja dukani angalia nani amesimama karibu.) Wimbi linalorudi linapita ndani yake mara mbili, kwenda na kurudi, linapungua kwa desibeli 20, na gama ya 0.5 inaonekana kama 0.05. Kwa kebo yangu, 0.0 dBm. Kwa kebo ya Ami, 0.0, mara nyengine 0.1. Ongeza 10 za kipunguzi, ndiyo 10 ile ile. Dakika mbili, bila kalamu.

Kipunguzi hicho kilikuwamo begini siku ya kwanza.

Hapo ningeweza kufunga begi. Lakini nilipokuwa nafungua kebo ili amplifaya irudishwe kwenye bodi, kitu chengine kilinikaa kooni. Ile 10 niliyoipata kwa jasho ni nguvu ambayo bodi ingetoa mbele ya omu 50 kamili. Amplifaya si omu 50 kamili. Ina gama yake, na baina yake na bodi kuna kipande cha kebo chenye urefu wake. Yaani kinachoingia kweli kwenye amplifaya ni namba ya tatu, ambayo si 10 ya karatasi wala 9.2 yangu, na hakuna mita niliyokuja nayo iliyowahi kukaa mahala hapo bila kuubadilisha mwanya.

"Ami, wewe uliiweka vipi hii skrubu? Mwanzo kabisa."

Alifikiri kidogo. "Niliiacha imefungwa hivyo hivyo, imewaka, nikatazama inatoa ngapi kwenda antena. Nikaongeza mpaka ikawa haiongezeki ila inapata moto tu. Nikarudisha nyuma kidogo. Nikaweka mkono hapa," akagusa mbawa za kupozea, "saa nane mchana. Mwezi wa pili. Nikapaka rangi."

Sitaki kumfanya Ami kuwa walii. Njia yake haisemi chochote bodi ikiharibika na ikaletwa nyengine, na mkono si kipimajoto. Siku akiwa hayupo, kituo kile kitahitaji namba iliyoandikwa, na namba hiyo lazima ipatikane kwa kebo tatu au kwa kipunguzi. Lakini alipima pale ambapo kitu kinafanya kazi, kikiwa kimefungwa kama kinavyofungwa siku zote, mwezi wa joto kuliko yote. Mimi nilikifungua, nikajiweka mimi mahala pa amplifaya, kisha nikashangaa kusikia jibu langu mwenyewe.

Tukawasha. Tulikaa mpaka alasiri, tukanywa chai mbili, tukazungumza habari za pwani na za watoto. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Mtambo haukujizima.

Alitoa chupa ndogo kwenye mtoto wa meza, akapaka tone jipya juu ya lile la zamani, akalipuliza. Kisha akanyoosha mkono, na sikufahamu anataka nini mpaka aliposema.

"Kebo yangu."

Niliitoa begini. Aliishika nchani, akaitazama konekta kwanza upande huu kisha upande ule.

"Si ulisema unakwenda kuitupa?"

"Nilisema, Ami."

Akaikunja mizunguko miwili, akainua mkono, akaitundika kwenye msumari wake.